Bei ya gitaa la marehemu Kyembe

Mvua ya Januari, Kamalondo. Anaingia binti
amelibeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mwenye homa.
"Fundi, baba tumemzika Jumamosi.
Kuna bwana wa Kolwezi anatoa dola mia tatu.
Niambie kama ananiibia."

Kibao changu cha mlangoni kinasema REDIO NA PASI.
Lakini mikono hii ilijua mbao kabla ya nyaya,
na wazee wa mtaa hawasahau.
Nafagia misumari mezani, natandika sweta langu,
namlaza chali.

Kwanza pua. Usicheke, mama: gitaa kuukuu halifichi harufu.
Hili linanuka makala, tumbaku, jasho la kwapa,
na chini kabisa, gundi ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa,
ile ambayo viwanda viliiacha kabla sijaota ndevu.

Kisha kidole. Nagonga tumbo. Linaitika taratibu,
kama mtu anayetaka kwanza kujua ameitwa na nani.
Uso ni mbao ya nchi za theluji, mistari yake imebanana:
mti uliokua kwa njaa.
Rangi imekuwa asali iliyosahauliwa chupani.

Kioo cha poda cha mke wangu nakipitisha tunduni,
na tochi ya simu.
Lebo imebaki nusu. Mende wamekula jina la kiwanda,
wakaacha nambari: nne, moja, saba, halafu doa.
Mbavu za ndani hazilingani. Zimechongwa kwa kisu.
Mashine haina haraka ya kwenda nyumbani;
aliyechonga hizi alikuwa nayo.

"Ni la kweli?"
"La kweli, ndiyo. Sasa tuliulize kama ni zima."

Shingoni, vijiti vya chuma alivyozaliwa navyo havipo.
Vilipolika, marehemu aliving'oa
akapanga waya wa shaba, ule mnene wa kule kwenye bomba la moshi,
uliotoka langoni ndani ya soksi, zamu ya usiku.
Bwana wa Kolwezi ataita hii kasoro,
na sokoni atakuwa na haki. "Toa mia."
Juu kidogo, bonde mbili nyembamba:
hapo alifungia penseli kwa mpira wa baiskeli
sauti ipande, imfuate mwanamke aliyekuwa akiimba.
"Toa hamsini."
Binti anaandika kiganjani.
Hamjui huyo mwanamke, au anamjua.

Halafu naligeuza.

Ubavuni, kiunoni, ufa wa urefu wa kidole cha shahada,
umezibwa kwa nta na masizi, ukasuguliwa kwa mawese.
Kazi ya mtu mwenye hofu.
Mkono wangu ulifika pale kabla ya macho.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanagenzi wa fundi Mwelwa.
Kyembe alilileta libadilishwe uzi mmoja tu.
Nikalitoa nje nijionyeshe kwa wasichana wa bombani.
Ukingo wa saruji haukuniheshimu.
Usiku kucha nilikwangua masizi ya kibatari.
Asubuhi alilipokea, akaligonga, akasikiliza
muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa uzi mmoja.
Akanilipa. Akaongeza noti ya mkate.
Miaka arobaini akapita hapa akinipungia kofia.

"Baba aliwahi kusema neno kuhusu huu?"
"Alitukataza kuugusa. Alisema una mwenyewe."

Bati linapigwa, hatusikiani vizuri, afadhali.
Nachukua karatasi: dola elfu mbili na mia nne.
Natoa ya shaba. Natoa ya penseli.
Nafika kwenye ufa, kalamu inagoma.

"Na huo, fundi?"
"Huo niachie wiki moja. Nitaufungua, nitauziba upya,
bila malipo. Hautaonekana tena."

Anaivuta kitenge juu ya tumbo la gitaa,
haraka, kama nimesema jambo la aibu.
"Usionekane?
Na sisi tutalijuaje?"

Karatasi ameiacha mezani.
Tone moja la dari limeangukia ile elfu mbili,
nami sijaifuta.